Wiki moja na Galaxy A15 kwenye bajaji: nibaki nayo, nihamie Redmi Note 13, au Infinix Note 30?

DerevaWaKimara

Wakuu, habari za usiku. Leo natimiza siku saba na Samsung Galaxy A15, ile ya 4G, RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) GB 6 na hifadhi GB 128. Naandika mambo yakiwa bado mapya, maana simu ukishaizoea huoni tena tofauti yake na nyingine.

Kazi yangu ni bajaji, naitwa kwa programu. Asubuhi nipo Kimara na Ubungo, mchana Sinza na Mwenge, jioni popote abiria atakaponifikisha. Simu ikizima, abiria hanioni na mimi njia siioni. Ile niliyokuwa nayo, jina naliacha, ilivimba betri mpaka mfuniko wa nyuma ukanyanyuka, na ilikuwa haijafikisha mwaka na nusu. Nikachota 450,000 kwenye akiba ya matairi nikanunua hii. Hela ya matairi siyo ya kuchezea, ndiyo maana wiki nzima nimeikagua.

Kwanza, kwa wanaotafuta: someni boksi vizuri. Kuna A15 ya 4G yenye chipu ya Helio G99 na A15 ya 5G yenye Dimensity 6100+. Redmi Note 13 nayo ni vivyo hivyo, ya 4G ina Snapdragon 685, ya 5G ndani ni simu nyingine kabisa. Majina yanafanana, simu hazifanani.

Nalinganisha na mbili. Shemeji yangu ana Redmi Note 13 ya 4G, na Jumamosi tulibadilishana kutwa nzima, laini zangu zikaingia kwake. Mwenzangu wa kijiweni ana Infinix Note 30. Hiyo nimeishika tukiwa tunasubiri abiria tu, kwa hiyo wenye nayo mtanijazia.

Nianze na jua, kwa sababu kwangu ndilo swali la kwanza. Saa sita mchana pale Ubungo holda yangu haina kivuli. A15 ina kioo cha AMOLED, yaani aina ya OLED ambayo kila nukta inajiwashia mwanga wake, cha inchi 6.5, na mwanga wake unafika niti 800 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo). Siku mbili za kwanza nilikuwa nakinga kiganja juu ya kioo ndipo nisome jina la mtaa. Kosa lilikuwa langu: nimezoea kuzima mwanga wa kujirekebisha ili nibane chaji. Siku ya tatu nikauwasha, kioo kikapanda chenyewe juani, nikawa nasoma bila kuinama. Redmi imeandikwa niti 1800 kwa kilele, na Jumamosi nilipoziweka bega kwa bega juani Redmi ilisomeka zaidi, hilo halina ubishi. Infinix ni LCD, yaani kioo kinachomulikwa na taa ya nyuma, niti 580, na mwenzangu amekata kipande cha boksi akakifunga juu ya holda kama kofia. Kinamsaidia kweli.

Chaji. Zote tatu betri ni mAh 5000, basi nilitegemea ziwe sawa, na kwa kiasi kikubwa ziko sawa. Natoka saa kumi na moja alfajiri na asilimia 100, ramani na data zimewashwa muda wote. Saa nane mchana A15 inanionesha 41. Redmi siku ile ilikuwa 44, ila foleni ya Jumamosi siyo ya Jumatano, kwa hiyo naziita sawa.

Tofauti inakuja kwenye kujaza. A15 inapokea wati 25 na boksini hakuna kichwa cha chaja, kuna waya tu. Nilipochomeka kwenye kichwa changu cha zamani ikapanda polepole sana. Nimenunua kingine chenye PD, mfumo wa kuchaji haraka, mambo yakabadilika. Redmi inakuja na chaja yake ya wati 33. Kwa mtu ambaye muda wake wa kuchaji ni ule wa kula wali maharage kwa mama ntilie, dakika 35 hivi, tofauti hiyo naiona kwenye asilimia.

Wepesi sitausemea sana. Redmi kioo kinajichora upya mara 120 kwa sekunde (Hz 120), A15 mara 90, na ukipandisha orodha ya safari unaona. Lakini abiria haongezeki kwa hilo.

Sauti: A15 ina spika moja chini, Redmi ina mbili. Barabara ya Morogoro magari yakinguruma pande zote, sauti ya ramani ya Redmi niliisikia vizuri zaidi. Alama ya kidole nayo A15 iko ubavuni kwenye kitufe, Redmi iko chini ya kioo. Mikono yangu ina grisi na vumbi kuanzia asubuhi, na mimi napenda ya ubavuni. Mvua je? Redmi ina kiwango cha IP54, yaani vumbi na matone ya maji ya kurukia. A15 haina kiwango hicho. Alhamisi mvua iliponikuta Shekilango niliiingiza kwenye kile kifuko cha kuning'iniza shingoni.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Shemeji ameipenda A15 na anataka tubadilishane moja kwa moja, yake ina miezi mitatu. Pia mke wangu anauza vitenge na magauni kwa WhatsApp, na mwezi ujao tumemtengea laki tano ya simu. Nibadilishane? Na yeye nimchukulie ipi? Nitawasikiliza kwa makini.

FundiMsimbazi

Mkuu, hongera kwa maelezo. Mimi nafungua simu kila siku hapa Kariakoo, nakuomba usibadilishane kabla hujawaza siku itakayoanguka. Simu ya bajaji itaanguka tu.

A15 na Redmi zote zina AMOLED. Kioo kikipasuka, madukani utaoneshwa cha orijino, utaoneshwa OLED ya kopi, na utaoneshwa kopi ya LCD ambayo bei yake inavutia kuliko zote. Wengi wanachukua hiyo ya mwisho. Sasa sikiliza: alama ya kidole ya Redmi Note 13 inasoma kwa mwanga unaopita katikati ya kioo cha OLED. Ukiweka LCD, nyuma yake kuna tabaka la taa, mwanga haupiti, na kidole hakisomi tena. Wateja wananijia wakidhani fundi aliyetangulia amewaibia kifaa, kumbe ni aina ya kioo. A15 kidole kiko kwenye kitufe, ukibadilisha kioo cha aina yoyote kinabaki kinafanya kazi.

Kwa hiyo ukiwa na Redmi, weka akilini gharama ya OLED. Nenda leo uulizie bei ya kioo cha kila simu kwenye maduka mawili matatu, kisha ndiyo uamue. Hiyo ni sehemu ya bei ya simu, haijaandikwa tu kwenye boksi.

La pili, mtikisiko. Septemba 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba simu zao zikifungwa kwenye pikipiki zenye injini kubwa, mtikisiko unaweza kuharibu sehemu za kamera za kutuliza na kulenga picha. Simu hizi mnazozijadili hazina kifaa cha kutuliza picha, lakini kamera kuu inalenga kwa kusogeza lenzi, na lenzi ni kitu kidogo sana. Nunua holda yenye mipira ya kufyonza mtikisiko. Usiifunge simu chuma kwa chuma.

NyandaZaJuu

Mimi nina Infinix Note 30 mwaka sasa, naendesha lori Dar hadi Tunduma. Mwenzako wa kijiweni amekuonesha kofia ya boksi, hakukuonesha kitu kikubwa zaidi cha hiyo simu.

Ina chaji ya baipasi. Unachomeka waya, unaingia kwenye mipangilio unaiwasha, na umeme unakwenda moja kwa moja kuendesha simu bila kupitia betri. Betri inakaa tu. Waliitangaza kwa ajili ya wacheza gemu, lakini sisi madereva ndio tunaoihitaji. Safari ya saa kumi, ramani imewashwa, simu iko kwenye waya muda wote: simu nyingine inajaza, inapungua kidogo, inajaza tena, huku jua la dashibodi likiichoma. Nadhani hiyo ndiyo iliyovimbisha betri yako ya zamani. Yangu naiwekea baipasi Chalinze naitoa Makambako, na mgongo wake unabaki vuguvugu.

Chipu ni G99, ile ile ya A15. Chaja ni ya wati 45. Nafasi ya kadi ya kumbukumbu ni yake peke yake, unaweka laini mbili na kadi. A15 na Redmi kadi inakula nafasi ya laini ya pili. Wewe una laini mbili za kazi, sivyo?

Jua ndilo sibishi. LCD ni LCD.

DerevaWaKimara

Kaka, hilo la baipasi sikulijua kabisa, na mwenzangu naye halijui, nimempigia sasa hivi. Ndiyo, laini mbili, moja ya kupokea malipo na moja ya data.

Kisiwani_Unguja

Samahanini naingilia. Kuna simu nimeoneshwa hapa Darajani, muuzaji anasema ina RAM 16, bei ni chini ya hizo zenu zote. Inawezekana?

Mwalimu_Iringa

Ndugu wa Kisiwani, angalia vizuri maandishi, utakuta ni 8+8. Nane ni RAM halisi, nane nyingine ni kipande cha hifadhi ya ndani kilichoazimwa ili programu zilizolala zihifadhiwe humo. Hifadhi ina kasi ndogo kuliko RAM, kwa hiyo inasaidia programu isifungwe ukitoka, lakini haiifanyi simu kuwa ya RAM 16. Linganisha namba ya kwanza tu. A15 na Redmi nazo zina kuazima huko, ila mimi huwa sikuhesabu.

Megapikseli nazo zinasomwa vibaya. Redmi Note 13 ni 108, A15 ni 50. Kwa kawaida ile ya 108 inakusanya nukta tisa kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12, na ile ya 50 inakusanya nne kuwa moja, nayo inatoa 12 na nusu hivi. Picha mbili zinazofika kwenye simu ya mteja zina ukubwa karibu sawa. Kinachotofautisha ni lenzi, mwanga, na namna simu inavyopika rangi.

Kwa DerevaWaKimara: umetaja kila kitu isipokuwa apdeti, na shemeji yako nahisi anajua anachokitafuta. A15 ilitoka Desemba 2023 ikiwa na Android 14, na Samsung waliahidi matoleo 4 ya Android na miaka 5 ya apdeti za usalama. Hesabu inaanza siku simu ilipotoka, haianzi siku uliyonunua wewe. Redmi Note 13 ya 4G ilianza na Android 13. Laini yako inapokea pesa za abiria, na ndani una programu ya benki pia. Simu inayofungwa matundu ya usalama kwa muda mrefu inalinda mfuko wako. Kwangu hilo lina uzito kuliko niti.

DerevaWaKimara

Mwalimu, nimeangalia sasa hivi, kuna apdeti ilikuwa inanisubiri tangu juzi na nilikuwa naisogeza mbele. Naishusha usiku huu.

MpishiWaNyali

Hamjambo nyote. Nawaandikia kutoka Mombasa, nami nauza chakula kwa WhatsApp, mahamri asubuhi na biriani siku za Ijumaa. Simu yangu ndiyo hiyo Redmi Note 13. Kaka dereva, nitakujibu la mkeo, maana wanaume hapa mwazungumza vioo na betri na bibi wa watu angali angoja jibu lake.

Kamera ya Redmi mchana ni nzuri, nami sina haja ya kukuficha. Ile lenzi ya pili, ya picha pana, ya megapikseli 8, naitumia kupiga meza nzima ya karamu. A15 nayo ina ya megapikseli 5. Kamera ya mbele, Redmi ni 16, A15 ni 13. Kwa picha, Redmi imetangulia kidogo, wala si mbali.

Lakini kwa vitenge shida haiko kwenye kamera, iko kwenye kioo. AMOLED ikitoka dukani huwa imewekwa rangi kali. Bibi atapiga picha, ataiona nyekundu yawaka kama moto, atafurahi, atamtumia mteja. Mteja aja auona mzigo, asema si huu. Dada yangu auza leso, na mwanzo yalimtokea mara mbili kwa wiki moja. Nenda kwenye mipangilio ya kioo, ondoa rangi kali, weka rangi za asili. Sasa akiona kwenye kioo kwamba nyekundu imepauka, atajua picha imepauka kweli, apige tena. Simu zote mbili zina mpangilio huo.

Apige karibu na dirisha, asubuhi au alasiri, na flashi azime. Kitenge akitandike juu ya kiti kionekane kinavyokunjika, asikibandike ukutani. Pembeni aweke kitu cheupe, sahani au karatasi, simu ipate kuijua nyeupe ni ipi. Hilo la sahani nilijifunza kwenye wali: usipokuwa na cheupe ndani ya picha, biriani yatoka ya kijani.

Na akituma, abonyeze alama ya HD kabla ya kutuma. WhatsApp waliiweka 2023, na bado wengi hawaigusi.

Tena Redmi ina taa ya rimoti juu kabisa. Yangu ndiyo yawasha televisheni tangu wajukuu wapoteze rimoti.

FundiMsimbazi

Mama, hilo la rangi ni la kweli kabisa. Nina wateja wanaleta simu wakisema kamera imeharibika baada ya kubadilisha kioo, kumbe kioo kipya kina rangi tofauti.

NyandaZaJuu

Mama umenifundisha na mimi. Mke wangu anauza mchele wa Kyela, picha zake zote zina wekundu wa taa ya sebuleni.

DerevaWaKimara

Wakuu, nimerudi baada ya siku tatu, sikutaka kujibu kabla sijafanya mlichoniambia.

Nimeulizia vioo maduka matatu. Tofauti ya OLED nzuri na kopi ya LCD ni kubwa kuliko nilivyowaza, na ukweli ni kwamba nikipasua kioo mwezi mbaya nitachukua kopi. Kwa hiyo kidole cha ubavuni sasa kimepanda thamani kwangu. Ukijumlisha na alichosema Mwalimu kuhusu apdeti, nimemwambia shemeji sibadilishani. Amecheka, amesema alijua nikiuliza watu sitakubali.

Jua nimelitibu. Nimeiga kofia ya mwenzangu, ila nimekata kipande cha raba ya sakafu badala ya boksi, kikilowa hakiharibiki. Niti 800 zikiwa kivulini zinatosha kabisa. Mgongo wa simu nao haupati moto kama mwanzo, na hapo ndipo nilipogundua kitu: siku za jua kali kioo kilikuwa kinajipunguza mwanga chenyewe kwa ajili ya joto, mimi nikidhani ni mwisho wa uwezo wake. Kwenye mipangilio ya betri nimewasha kinga, chaji haifiki tena 100. Asubuhi natoka na pungufu kidogo, najazia wakati wa kula. A15 haina baipasi, kwa hiyo sasa naichomeka nikiwa nimesimama kivulini tu.

Mke wangu jana aliazima Redmi ya shemeji. Alitandika kitenge kimoja juu ya kiti karibu na dirisha, sahani nyeupe pembeni kama alivyosema mama wa Nyali, akapiga kwa simu zote mbili zikiwa kwenye rangi za asili. Kisha akakishika kitenge chenyewe mkononi akalinganisha. Manjano ya Redmi ilikuwa karibu zaidi na kitambaa, kijani hatukuona tofauti. Amechagua Redmi. Yeye anakaa nyumbani na dukani, hana grisi mikononi, simu yake haining'inii barabarani, na chaja inakuja nayo. Sikuwa na hoja ya kumpinga.

Mwalimu_Iringa

Uamuzi mzuri. Mkienda kununua, kabla ya kutoa pesa piga \*#06#, uchukue namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu, uitume kwa ujumbe kwenda 15090 na ulinganishe jina la simu unalorudishiwa. Mnakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia, watu walibaki na vipande vya plastiki.

MpishiWaNyali

Huku kwetu namba ni 1555. Na awe mwangalifu na simu ya bei rahisi mno iliyotumika. Jirani yangu alinunua moja mkononi mwa mtu, kumbe ya mkopo, mwenyewe aliacha kulipa. Wiki ya pili ikajifunga, na pesa hazikurudi.

DerevaWaKimara

Ahsante mama, tutachukua mpya dukani na risiti. Ahsanteni wote. Fundi, Jumamosi napita Msimbazi kuchukua holda yenye mipira. Unafungua saa ngapi?

FundiMsimbazi

Saa mbili asubuhi. Ile simu yako iliyovimba iko wapi?

DerevaWaKimara

Kabatini, mtoto anaichezea mara moja moja kwa kubonyeza vitufe.

FundiMsimbazi

Mnyang'anye leo hii. Usiichaji, usiibonyeze ule mfuniko urudi chini, usiitupe jalalani. Iweke kwenye chombo cha bati chenye mchanga, nje ya nyumba, uniletee Jumamosi niitoe betri. Picha zako zikiwa bado zimo ndani, nitaiwasha kwa umeme wa mezani tuzihamishe.